Askari Wangu na Miiba ya Minza

Kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya kazini nililichora kwa mkono wangu mwenyewe, kwa penseli laini, nikalipaka rangi, nikalisifu, kisha nikaligawa katika zahanati za mikoa miwili. Naanza nalo kwa sababu vijana wa ofisini walioniomba niandike machache baada ya kustaafu walitarajia, nadhani, orodha ya mafanikio. Orodha hiyo imo kwenye faili langu la utumishi, na watunza faili wanaijua kuliko mimi. Vyeo vilikuja vikapita. Kilichobaki kichwani mwangu ni picha, pamoja na watu wachache walionifundisha kuzitazama.

Nilistaafu kwa hiari, nikiwa bado naweza kusoma maandishi madogo ya kwenye kopo la dawa bila miwani. Kazi yangu, kwa wale ambao hawakuwahi kuelewa nilikuwa nafanya nini pale ofisini na kalamu zangu, ilikuwa kuchora. Nilichora ili watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hasa wale ambao hawakupata nafasi ya kusoma, waelewe kinachoendelea ndani ya miili yao na namna ya kujitunza. Ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka siku unapogundua kwamba mtu ameiamini picha yako kuliko alivyomwamini daktari.

Nilimaliza chuo kikuu na shahada ya sanaa, jambo ambalo kwetu Tukuyu lilihitaji maelezo marefu. Marehemu baba aliwaambia majirani kwamba binti yake amesomea uchoraji wa ramani, kwa kuwa ramani angalau zina kazi. Sikumsahihisha. Mradi ulionipokea Mbeya ulikuwa umepanga nyumba Ilomba, na chumba nilichopewa kilipakana na mashine ya kusaga nafaka. Mashine ilipowashwa, meza yangu ilitetemeka hadi penseli zikasafiri zenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilijifunza kuchora mistari iliyonyooka asubuhi, kabla wateja wa unga hawajafika, na kuacha nywele, majani na mawingu kwa ajili ya mchana.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Zuhura. Alikuwa muuguzi mshauri aliyekulia Iringa mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani. Alivaa ushungi mweupe uliopigwa pasi kama karatasi, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kwa muda mrefu kabla ya kusema lolote. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akanitazama kwa ule muda wake.

“Umesomea nini, mwanangu?”

“Kuchora, Bi Zuhura.”

“Kuchora nini?”

“Kila kitu.”

“Basi hujasomea kitu bado. Vuta kiti.”

Ndivyo alivyoanza kunifundisha, na hakuacha kwa miaka mingi. Somo lake la kwanza lilihusu kanga. Baba yake alikuwa na duka la kanga Iringa, na yeye akiwa mtoto alikaa chini ya kaunta akiangalia miguu ya wateja. “Baba hakumuuliza mteja kama kanga ni nzuri,” aliniambia. “Kila mteja angesema nzuri, watu wana adabu zao. Alikuwa anaitandika, anakaa kimya, anaangalia kidole cha mama kinagusa wapi kwanza. Kikigusa pindo, anajua la kusema. Kikigusa maneno, anajua. Wewe na picha zako usiwaulize watu kama wameelewa. Watakuambia ndiyo mpaka ufe. Waulize wanaona nini, halafu uangalie kidole.”

Nilidhani nimeelewa. Nilimwambia ndiyo.

Jaribio langu la kwanza lilifanyika Idodi, kijiji cha Iringa kilicho kwenye barabara iendayo hifadhi ya wanyama. Nilikuwa nimechora mwanamume aliyesimama wima, kifua chake kimefunguliwa kama kabati ili moyo, mapafu na tezi zionekane. Kitabuni picha za namna hiyo ni za kawaida, na kwa kuwa nilitaka mgonjwa asiogope, nilimpa mtu wangu tabasamu pana. Baada ya kuamkiana kwa “kamwene” na kupeana habari za mvua, nikainua picha, nikauliza wanaona nini. Mzee mmoja akasogea karibu, akaweka kidole kwenye mbavu.

“Huyu mwenzetu kachunwa na nani?”

Mama aliyekuwa nyuma yake akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwendawazimu, “Na bado anacheka!”

Walicheka wote, nami nikacheka nao, ingawa masikio yalikuwa yakinichoma. Njiani kurudi Bi Zuhura hakunisema. Alitoa chungwa kwenye mkoba, akalimenya, akanipa nusu. “Leo umesoma kanga yako ya kwanza,” akasema.

Neno lililonisumbua zaidi katika miaka ile ya mwanzo lilikuwa moja: kufubaza. Dawa zinazotumiwa na watu wenye virusi tunaziita dawa za kufubaza virusi, na wataalamu hulitamka neno hilo haraka kana kwamba kila mtu alizaliwa nalo. Mimi nililijua kutoka kwenye rangi. Kitambaa kikiachwa juani kinafubaa. Rangi haijatoka, imepoteza makali. Kwangu lilikuwa neno kamili, kwa sababu ndivyo dawa zinavyofanya: virusi havifi, vinakosa nguvu, na ukiacha dawa vinarudi na ukali wao wote. Lakini nilipolitamka zahanati, macho ya watu yalibaki palepale. Nilihitaji picha ya kitu kilichopo ambacho hakiwezi kukudhuru mradi hujaacha kufanya jambo fulani kila siku. Jaribuni kuchora hilo. Nilijaribu kwa miaka, na makaratasi niliyoyatupa yangeweza kuwasha jiko la shule.

Badala yake nikachora askari. Wazo halikuwa langu peke yangu, kwani washauri wengi tayari walizungumzia askari wa mwili, ila mimi niliwapa sura. Upande wa kushoto wa bango kitita, lile kabrasha la picha kubwa za kufunuliwa mezani, palikuwa na mtu dhaifu, na ndani ya umbo lake askari watatu wamechoka, wamezungukwa na wadudu wenye meno. Upande wa kulia mtu yuleyule alikuwa amenawiri, ameshika kidonge, na ndani yake askari wamejaa, wamevaa kofia na buti, virungu mikononi. Nilizifanyia kazi buti zile wiki nzima. Ziling’aa.

Mjini Mbeya zilipendwa kupita kiasi. Kwenye kikundi cha kliniki kule mtaa wa Soweto palikuwa na fundi cherehani ambaye kila mwezi aliingia akipiga saluti. “Dada Atu, kikosi kimeongezeka!” alitangaza, na chumba kizima kikaangua kicheko. Watu walimeza dawa zao kwa fahari. Nilipongezwa. Nakiri kwamba nilianza kuitazama picha ile jinsi mama anavyomtazama mtoto aliyefaulu mtihani.

Kisha zikaja habari kutoka Usangu. Tulikuwa tumepeleka mabango katika zahanati za tambarare ile, ambako familia nyingi za wafugaji na wakulima zilihamia kutoka kaskazini mwa nchi na ng’ombe wao. Muuguzi wa zahanati moja akaripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wa jamii hiyo walikuwa wanaacha dawa, na wanaziacha baada ya kuhudhuria mafunzo. Niliandika maelezo ya kurasa nne nikieleza kwamba tatizo ni umbali na mafuriko ya masika. Yalikuwa maandishi mazuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hayakuwa kweli.

Bi Zuhura aliyasoma, akayakunja, akasema, “Twende tukaangalie kidole.”

Mgonjwa wa kwanza tuliyeonana naye nitamwita Minza. Si jina lake, ila yeye mwenyewe ndiye aliyelichagua nilipomwomba ruhusa ya kusimulia haya. Alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili, na hali yake iligundulika katika ujauzito huu wa tatu, alipokuja kliniki mapema. Akaanzishiwa dawa. Lakini kipimo cha wingi wa virusi kilionyesha kwamba virusi vilikuwa vimejaa kana kwamba hakuna dawa iliyoingia mwilini. Ninyi mliopo kazini mnajua maana yake. Mama akimeza dawa vizuri, mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa na kukua bila virusi. Mama asipomeza, kila juma linalopita ni hatari kwa mtoto ambaye hajaulizwa. Tulikuwa na miezi miwili.

Alikaa mbele yetu amenyooka, mikono juu ya tumbo. Muuguzi akamwomba kopo lake la dawa. Alilitoa ndani ya mfuko wa kitenge. Lilikuwa limejaa.

“Mama, mbona hujanywa?” Bi Zuhura akauliza.

Minza alitazama sakafu.

“Zinakutapisha?”

“Hapana.”

“Mwenzio amekukataza?”

“Luhende? Yeye anakunywa zake kila siku. Anajua na mimi nakunywa.”

Luhende ni mumewe, nalo hilo ni jina la kubuni. Alianzishiwa dawa katika kituo kingine, ambako mabango yangu yalikuwa hayajafika. Kumbukeni jambo hilo.

Bi Zuhura hakuhoji zaidi. Alinyoosha mkono kwenye kona, akachukua bango kitita langu, akalisimamisha mezani na kulifungua kwenye ukurasa wa askari. “Mwanangu, unaona nini hapa?”

Kidole cha Minza kilikwenda moja kwa moja kwenye buti. Zilezile nilizozing’arisha kwa wiki nzima.

“Askari,” akasema. “Hapa mtu hajanywa vidonge, askari watatu. Wamechoka, wanaondoka. Hapa amekunywa, askari wamejaa. Wana virungu.” Akaondoa kidole, akakirudisha tumboni. “Sisi kule tulikotoka, askari wakijaa, ng’ombe zinakamatwa. Tunahama. Tumehama mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa na mtoto mgongoni.”

“Na hawa wadudu?” nikauliza.

“Wadudu tunawazoea. Kupe wako kila siku.”

Akaendelea, sasa akinitazama mimi, kwa upole kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kuelimishwa. “Mwalimu, mimi sijakataa dawa. Nimekataa askari. Sikutaka wamfikie mtoto huku ndani.”

Nimesoma vitabu vingi kuhusu sanaa, na sijawahi kukutana na msomaji makini kama yule. Alikuwa ameipitia picha yangu sehemu kwa sehemu, akailinganisha na maisha yake, akafikia uamuzi, na uamuzi huo ulikuwa wa mama anayelinda mtoto wake. Hakukuwa na ujinga hata chembe. Mjinga alikuwa mtu aliyechora askari kisha akadhani kwamba askari ana maana moja nchi nzima.

Nilitaka kujitetea. Nilianza kusema, “Lakini mama, hawa ni askari wazuri, hawa ni wa…” Bi Zuhura akanibana paja chini ya meza kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake.

“Askari mzuri yuko wapi?” Minza akauliza. Halikuwa swali la dharau. Alitaka kweli kujua.

Bi Zuhura akafunga bango. “Tuwaache hao. Niambie, mwanangu, nyumbani kwenu nani analinda ng’ombe wasiliwe na fisi?”

“Miiba.”

“Miiba ya nini?”

“Ya zizi.” Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta kitu cha kuelezea. Nilimpa penseli yangu na karatasi. Aliigeuza mkononi, akanirudishia. “Hii nyembamba,” akasema. Akainuka taratibu kwa uzito wa tumbo, akatoka barazani, akapiga magoti kwenye vumbi la uani. Tukamfuata. Akachora kwa kidole.

Kwanza duara kubwa, ambalo halikufunga: aliacha nafasi ya mlango. Kuzunguka duara akaweka vistari vifupi vingi, vikitazama nje. Ndani akaweka ng’ombe, kila mmoja kwa mkunjo mmoja wa kidole, nundu na pembe, nami niliyesomea kuchora nikaona wazi kwamba ni ng’ombe na si kitu kingine. Nje akaweka fisi wanne, migongo imeinama.

“Jioni ng’ombe zikiingia, tunavuta tawi hapa mlangoni.” Akachora tawi kwenye ile nafasi. “Basi. Fisi anazunguka, anazunguka, hapiti.”

“Tawi hilo mnalivuta mara ngapi?” Bi Zuhura akauliza.

“Kila siku.”

“Hata siku mnayoumwa?”

Minza alicheka kwa mara ya kwanza. “Fisi atajuaje kama mimi naumwa?”

“Mkivuta kila siku mwaka mzima, fisi wanakufa?”

“Hawafi. Wanakonda. Wanaenda kulala porini mbali, hata huwasikii. Unaweza kusema hawapo.” Akafuta tawi kwa kiganja. “Lakini ukiacha siku moja, mbili, wanarudi. Wote.”

Nilisimama pale barazani nikiwa na shahada yangu. Miaka yote ile nilikuwa nimetafuta picha ya kitu kilichopo ambacho hakidhuru mradi hujaacha kufanya jambo moja kila siku. Mwanamke aliyeikataa penseli yangu alikuwa ameichora mavumbini kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuchonga kalamu. Nilihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada kwa mlango wa nyuma akakuta misa inaendelea.

Bi Zuhura akachutama kando yake, magoti yakilia. Akachukua kidonge kimoja kutoka kwenye kopo, akakiweka mavumbini, juu kabisa ya mahali pa mlango.

“Hili ndilo tawi,” akasema.

Minza alikitazama kile kidonge. Akawatazama fisi. Hakuna aliyemharakisha. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akachora duara dogo ndani ya duara kubwa.

“Na hiki?” nikauliza.

“Kizizi cha ndama. Ndama halali na wakubwa, ana kwake ndani.” Akagusa duara dogo, akagusa tumbo. “Kumbe mlango wake ni huuhuu mmoja.”

“Ni huohuo mmoja,” Bi Zuhura akasema.

Minza akakiokota kidonge, akakipangusa vumbi kwa pindo la kitenge. Bi Zuhura, ambaye alikuwa mkali wa usafi, alimzuia na kumpa kingine. Akakimeza kwa maji ya kikombe cha zahanati, mbele yetu. Luhende alipofika na baiskeli kumchukua, Minza alimweleza yote yeye mwenyewe. Mwanamume yule alivua kofia, kisha akanigeukia.

“Mimi nakunywa tu,” akasema. “Hawakunionyesha askari.”

Gari lilipoanza safari nililia. Bi Zuhura aliniacha nilie mpaka tulipofika barabara kuu. “Penseli yako ina kifutio,” akasema hatimaye. “Huyu mama hana. Futa machozi ukachore.”

“Ataokoka mtoto?”

“Inawezekana, asiporuka hata siku. Sijasema itakuwa.”

Tuliomba zahanati zote za tambarare ziondoe ukurasa wa askari juma lile lile, na wauguzi wakaanza kuwatafuta mmoja mmoja wale walioacha dawa. Wengi walirudi. Si wote, na hilo halitoki moyoni. Mimi nilichora fisi na miiba. Katika siku hizo nilidhani nimekwisha kujua unyenyekevu, mpaka nilipopeleka rasimu ya kwanza na kumkuta Luhende zahanati, amekuja kuchukua dawa zake. Aliigeuza karatasi, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

“Mwalimu, huyu ni mbuzi aliyeshiba?”

“Ni ng’ombe, baba.”

“Nundu iko wapi? Na haya mabaka meupe meusi, amemwagikiwa nini?”

Nilikuwa nimechora ng’ombe wa maziwa wa kwetu Tukuyu, wale wanaofungiwa bandani na kukatiwa majani. Ndio pekee ambao mkono wangu uliwajua. Minza alikuwa ameketi kwenye benchi, tumbo limeshuka, na alicheka hadi akashika ukuta. “Mwache, Luhende. Kwao fisi wanakunywa maziwa.” Nilirudi Ilomba nikachora nundu thelathini kabla ya kupata moja iliyokubalika. Minza ndiye aliyekuwa akikubali au kukataa.

Alijifungua mtoto wa kike katika kituo cha afya, salama. Mtoto alipewa dawa yake ya maji ya kinga, na baada ya wiki chache akachomwa kisigino, matone ya damu yakadondoshwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Majibu yalikuwa mazuri, lakini mnajua kwamba hayo si ya mwisho. Mtoto ananyonya, na muda wote anaonyonya mlango ni uleule mmoja. Kipimo cha kuamua hufanywa baada ya kuacha ziwa. Kwa hiyo nilisubiri kwa muda mrefu, nikifanya kazi nyingine.

Katika kusubiri huko nilipata somo la ziada, ambalo nalieleza ili msidhani nilipona maradhi ya kujiamini kwa dozi moja. Nilipeleka picha ya zizi kule Soweto. Fundi cherehani wangu aliitazama kwa huzuni. “Dada Atu, mimi nakaa nyumba ya kupanga. Fisi nimemwona kwenye televisheni. Nirudishie kikosi changu.” Nikamrudishia. Tangu hapo ofisi yetu ilikuwa na seti mbili, baadaye nne, na mgeni yeyote aliyekuja akitaka picha moja itakayofaa kila mahali alipelekwa kwanza kwa Bi Zuhura, ambaye alimtazama kwa muda mrefu.

Siku ya kipimo cha mwisho nilikuwa pale zahanati, pamoja na Bi Zuhura. Sikuwa na sababu ya kikazi. Mtoto alikuwa tayari anatembea, ameshika kidole cha baba yake, akionyesha kila kitu. Wazazi walikaa kwenye benchi. Muuguzi akaingia na karatasi, uso wake ukijizuia kwa sababu ya maadili ya kazi, akasoma kama ilivyoandikwa: “Majibu ya mtoto ni hasi.”

Luhende akaruka kutoka kwenye benchi. “Hasi?”

“Ndiyo, baba. Hasi.”

“Mtoto wa kike anahasiwaje?”

Ilituchukua muda kuelewa. Mfugaji analijua neno hilo vizuri: ni kile anachofanyiwa dume ili awe maksai, na ndilo pekee analoweza kulisikia. Sisi wa kliniki tulikuwa tumelitumia kila siku bila kulisikia. Minza hakuwa anacheka. Alikuwa amemshika mtoto kwa mikono miwili, akinitazama mimi, na macho yake yaliniuliza jambo moja tu.

Nilichukua karatasi ya majibu kutoka kwa muuguzi, nikaigeuza nyuma, nikachora kwa penseli. Duara kubwa. Miiba. Tawi mlangoni. Fisi wanne nje, migongo imeinama. Duara dogo, na ndani yake ndama mmoja, amelala, mwili mzima, bila alama ya jino hata moja. Nikampa.

Aliweka kidole juu ya ndama, akakiacha hapo. Niliangalia kidole kile. Bi Zuhura naye alikuwa anakiangalia.

“Wabeja,” Minza akasema mwishowe, ahsante ya kikwao. Luhende alikuwa amegeukia ukutani.

Nayapita haraka yaliyofuata. Zilikuja kompyuta za kuchorea, zikaja video za kwenye simu, ikaja projekta moja ambayo tuliibeba hadi vijiji visivyo na umeme na kuirudisha ikiwa safi kabisa. Vyote ni vyombo vizuri. Swali halikubadilika: unaona nini? Bi Zuhura alistaafu kabla yangu, yuko Iringa, na nikimpigia simu bado huanza kwa kuuliza kama nimejifunza kuchora.

Kabla ya kukabidhi funguo za stoo ya picha nilikwenda Usangu kuaga. Minza siku hizi ndiye anayewapokea wagonjwa wapya pale zahanati. Nilimkuta barazani na mama kijana aliyejiinamia, bango la zizi liko mbele yao, na nikamsikia akiuliza kwa utulivu, “Unaona nini, mdogo wangu?” Kisha akanyamaza, akaangalia kidole. Nikangoja mpaka wamalize.

Tulipobaki wawili alinionyesha kopo lake. Ndani, chini ya vidonge vya mwezi huo, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Nilijua ni nini kabla hajaifungua. Penseli haidumu, nami nilitarajia kuona karatasi tupu. Lakini miiba ilikuwa imekolea, kila mwiba, kwa wino wa kalamu. Tawi la mlangoni lilikuwa limepitiwa mara nyingi hadi karatasi imevimba. Ndama alikuwa na macho, ambayo mimi sikuyachora.

“Naipitia kila nikichukua dawa,” akasema. “Siku hizi hii kalamu si nyembamba tena.”

Nilitafuta nje ya duara. Palibaki vivuli vinne vya kijivu, hafifu, ambavyo mtu asiyejua asingeviona.

“Na fisi?” nikauliza.

Minza akaikunja karatasi, akairudisha kwenye kopo, akafunga kifuniko.

“Hao nimewaacha wafubae.”